Maswali ya wasomaji: Hell's Gate kwa baiskeli

Mwezi uliopita niliandika hapa mistari michache tu kuhusu Hell's Gate, ile mbuga ya nyasi karibu na Naivasha ambako unaruhusiwa kuingia na baiskeli bila gari, na tangu siku hiyo maswali hayajakoma. Yamekuwa mengi mpaka nikaamua safu yote ya mwezi huu iwe ya hayo. Karibu kila mtu ameuliza kuhusu wanyama. Sawa, nitajibu ya wanyama, lakini nyinyi hamjauliza breki, hamjauliza malori, mvua ni kikundi kimoja tu kimeuliza, na hayo ndo yanaumiza watu, kwa hivyo mkiona nimejibu zaidi ya mlichouliza mnivumilie.

*

Habari yako. Kijana wangu ana miaka 17, yeye na wenzake wanne wanapanga kwenda Hell's Gate likizo ya Agosti wakodi baiskeli huko huko. Mimi nimekataa. Nasikia kuna nyati na chui na watu wanapita hapo katikati bila chochote, hata fimbo hawana. Baba yake ananiambia niwache mtoto akue. Nieleze ukweli tafadhali, usiniambie tu cha kunifurahisha. — Mama, Kayole

Mama, hofu yako si ya bure, nyati wapo. Lakini ebu kwanza ujue hii mbuga ni ya aina gani. Ni ndogo, kilomita za mraba kama 68 hivi, ilitangazwa mbuga ya taifa 1984, na haifanani na Mara. Tembo hakuna. Simba si mnyama ambaye unaenda pale ukitarajia kumkuta. Chui wapo lakini wanakaa kwenye miamba na wanatembea usiku, mimi nimeenda zaidi ya mara ishirini na sijamwona hata mkia. Wale utakaowaona kila mahali ni pundamilia, swala, kongoni, pofu, ngiri, twiga wakiwa kwa migunga, na nyani ambao mtoto wako atapambana nao kuliko mnyama mwingine yeyote kwa sababu wanajua begi lenye ndizi linafanana vipi.

Sasa nyati. Nitakueleza siku moja tu. Tulikuwa watu sita tunarudi kutoka korongo la Ol Njorowa, saa tano hivi, jua limeshapanda, na kando ya barabara kwenye kichaka cha leleshwa akawa amesimama dume mmoja peke yake. Dume la peke yake ndo baya, likiwa kundi mara nyingi wao ndo wanasonga. Huyu alikuwa na matope yamekaukia kwenye pembe mpaka zinaonekana kijivu, sikio moja limechanika, ndege wawili wanamtoa kupe mgongoni, na alikuwa anatuangalia vile mtu anakuangalia akiwa mlangoni kwake. Kutoka kwetu mpaka kwake labda mita 80. Tulisimama. Hakuna aliyepiga picha, hakuna aliyepiga kelele, tukarudi nyuma polepole tukizisukuma baiskeli, tukakaa kivulini karibu nusu saa mpaka ikaja van ya wageni, tukamwomba dereva apite polepole na sisi tukapita upande wa pili wa gari, gari likiwa kati yetu na yeye. Hakufanya lolote. Aliendelea kusimama tu.

Hayo ndo ya kumwambia kijana, na umwambie mpaka aseme amechoka kusikia. Wasiachane, wapande pamoja, yule mwenye mwendo wa polepole akiwa mbele ndo wengine wafuate mwendo wake. Wakiona nyati karibu na barabara hawapiti, wanasubiri gari hata kama ni saa nzima. Wasikatize kwenye nyasi kufuata njia ya mkato, barabara ndo barabara. Na baiskeli haina sauti, mnyama anaweza kukusikia ukiwa umeshamfikia na akashtuka, kwa hivyo kwenye kona zenye vichaka waongee, wapige kengele, waimbe nyimbo zao hata kama huzipendi. Ile njia inaitwa Buffalo Circuit, yaani mzunguko wa nyati, jina limeshasema, wasiiguse mara ya kwanza. Waende ile barabara kubwa kutoka lango la Elsa mpaka korongoni, ni kama kilomita 8, wageni wengi wako hapo na maaskari wa mbuga wanapita.

Lakini mama, kitu ambacho mimi kingeninyima usingizi ni baiskeli yenyewe. Mpwa wangu alikodi moja, mahali sitapataja, akaambiwa iko sawa, akapanda akaenda. Kwenye mteremko mdogo tu akavuta breki ya nyuma ikaja mpaka ikagusa mpini na baiskeli ikaendelea vilevile, akavuta ya mbele kwa nguvu kwa sababu ya hofu, akaruka juu ya usukani. Mfupa wa bega ulivunjika. Hapo karibu hakukuwa na mnyama hata mmoja, swala walikuwa mbali kabisa.

Kwa hivyo kabla hajalipa afanye hivi. Avute kila breki peke yake akisukuma baiskeli mbele, gurudumu likikataa kusimama aiache. Ainame aangalie raba za breki, kama zimeisha mpaka chuma kinaonekana aiache. Ainue gurudumu la mbele alizungushe, kama linacheza kushoto kulia kama mlevi aiache. Ashike gurudumu katikati ya magoti ajaribu kugeuza usukani, ukigeuka gurudumu likiwa limesimama ni kwamba nati imelegea, afungiwe hapo hapo akiona. Halafu siti, ipandishwe mpaka mguu ukiwa chini kwenye pedali goti limekunjika kidogo tu, hawa wa kukodisha wanaacha siti chini sana na magoti ndo yanalipia jioni. Hapo kwenye njia panda ya kuingia mbugani na pale langoni wanaokodisha ni wengi, akikataa moja kuna nyingine kumi. Na helmeti, asikubali kuambiwa zimeisha.

Mpe ruhusa, ila nenda naye mpaka langoni siku hiyo ukiweza. Kuna mahali pa kukaa.

*

Sasa mkuu. Mimi niko Rongai, nina baiskeli ya mbio, tairi za upana wa milimita 25, nimekuwa nikizunguka Kiserian na Ngong wikendi. Nataka kutoka Nairobi mpaka Hell's Gate kwa baiskeli, nipitie Mai Mahiu, niingie mbuga nitoke jioni nirudi na matatu. Inawezekana? Na hiyo tairi itavumilia? — Jamaa wa Rongai

Miguu itavumilia. Kama unapanda Ngong kila wikendi wewe si wa kuulizwa habari ya miguu, Nairobi mpaka Naivasha ni kilomita 90 hivi, unapanda mpaka Limuru ambayo iko juu ya mita 2,200 halafu unateremka bondeni mpaka karibu mita 1,900. Shida yangu ni hiyo barabara ya Mai Mahiu.

Naijua ile barabara na naipenda, kusema kweli. Ukifika pale ukingoni bonde lote linafunguka chini yako, mlima Longonot umekaa pale na mdomo wake wa volkano, na chini kabisa kuna lile kanisa dogo la mawe walilojenga wafungwa Waitaliano 1942 wakati wanatengeneza hiyo barabara. Ukiwa ndani ya gari ni moja ya sehemu nzuri kabisa Kenya. Ukiwa na baiskeli ni ukuta upande mmoja, shimo upande mwingine, na katikati malori yanayoenda Narok na yanayoenda mpaka wa Uganda, yamejaa, breki zinanuka moto, na nyuma yake kuna matatu imechoka kusubiri inataka kupita kwenye kona. Ukingo wa lami hapo ni mwembamba, mahali pengine umeliwa kabisa. Lori likikupita karibu upepo wake unakusukuma kwanza nje halafu unakuvuta ndani, na ni pale linapokuvuta ndo watu wanaanguka. Mimi siteremki pale tena na baiskeli, na wewe nakuomba usiteremke. Ni tofauti na Ngong.

Fanya mojawapo ya haya mawili. Panda matatu mpaka Mai Mahiu baiskeli ikiwa juu ya keria, uanzie pale chini kupitia Longonot mpaka Naivasha, huko bado kuna malori lakini barabara imenyooka na dereva anakuona ukiwa mbali. Au pitia juu, Limuru, Kimende, Kinungi, uondoke Nairobi saa kumi na moja asubuhi Jumapili wakati mji umelala, taa nyekundu ya kumweka nyuma na koti la kung'aa hata kama ni mchana, kwa sababu ukungu wa Kimende asubuhi ni ule wa kuficha nyumba. Huko juu matatu zinapita kwenye ukingo wa barabara kama ni njia yao kwa hivyo masikio wazi, hakuna kuvaa spika masikioni.

Ukifika Naivasha unaingia Moi South Lake Road, ile inayozunguka ziwa upande wa kusini, unapita Karagita na mashamba ya maua mpaka njia panda ya mbuga, halafu kilomita kama 2 kuingia lango la Elsa. Hapo sasa usiende asubuhi wala jioni ya siku ya kazi, mabasi ya wafanyakazi wa maua yanajaa barabara na wenyewe wengine wako kwa baiskeli, tena ukitaka kuona watu wanaojua kuendesha waangalie hao, amebeba gunia nyuma na mtoto mbele na hatikisiki.

Tairi lako la 25 sasa. Mpaka langoni hakuna neno. Ukivuka lango lami inakatika, barabara ya kwenda korongoni ni murramu na vumbi la volkano, laini kama unga mahali pengine, na tairi jembamba lenye presha 90 linazama pale kama kisu kwenye siagi. Usukani unakuponyoka na wewe umefungwa miguu kwenye pedali. Ukiwa na nafasi ya kuweka tairi la 35 au 40 kwenye hiyo fremu, weka, halafu punguza upepo mpaka 40 hivi, utaona baiskeli imekuwa nyingine. Kama fremu haikubali, iache yako kwa walinzi pale langoni ukodi ya milima, ukague vile nimemwambia mama hapo juu.

Halafu miiba. Migunga ile inaangusha miiba mirefu mieupe, na kuna mawe meusi ya kung'aa kama kioo cha chupa, ni kioo kweli, volkano ndo ilikitengeneza, yanakata tairi upande. Beba tyubu mbili si moja, viraka, pampu, na vijiko vya kutolea tairi. Ukipata pancha usikimbilie kuweka tyubu mpya. Toa tairi, pitisha vidole ndani polepole mzunguko mzima mpaka uguse kile kilichoingia, maana mwiba unakatikia ndani na kinabaki kincha kidogo hata macho hayaoni, ukiweka tyubu mpya juu yake umeitupa. Nimewahi kuona mtu anamaliza tyubu tatu kwa mwiba mmoja, na tyubu ya nne ilikuwa yangu nilimwazima, ndo nikapitisha kidole.

Kurudi na matatu jioni ni wazo zuri. Ukubaliane na kondakta habari ya baiskeli kabla hajaifunga juu, bei isije ikabadilika ukiwa umeshakaa.

*

Shikamoo. Mie niko Mombasa, sijapanda baiskeli tangu madrasa, na mwili umeongezeka. Wenzangu kazini wanakwenda Hell's Gate mwezi wa saba, nataka niende nami lakini navaa buibui na sitaki kulivua mbele za watu. Naona haya hata kuuliza. Nitaweza? — Dada wa Majengo

Marahaba dada yangu, na wala usione haya, swali lako limenifurahisha kuliko yote ya mwezi huu.

Utaweza, na buibui si kizuizi ukilipanga. Hatari ya nguo ndefu ni mbili tu, cheni na spoku za nyuma. Vaa suruali pana ndani, juu yake vaa dira fupi au buibui lililopasuliwa pembeni, linalofika chini ya goti, upande wa kulia pindo ulikusanye ulifunge na mpira wa nywele kwa sababu cheni iko kulia. Ushungi ule wa kufunga kwa pini, uwe mwembamba, helmeti inakaa juu yake vizuri ukilegeza kamba. Nimepanda na akina dada kutoka Eastleigh wamevaa hivyo kutoka lango mpaka korongoni na kurudi, na wao ndo walikuwa wanatusubiri sisi. Waambie unataka baiskeli ya kike, ile fremu imeinama katikati, usilazimike kurusha mguu nyuma.

Mwezi unao, kwa hivyo anza sasa. Nenda Mama Ngina, pale ufukweni, asubuhi mapema kabla watu hawajajaa, dakika 20 tu, mara tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza utaumia unapokalia, ni kawaida, hiyo ni mifupa ya kukalia inazoea, wiki ya tatu utasahau. Usiweke mto wa sponji mnene kwenye siti, unafikiri unasaidia na ndo unazidisha msuguano.

Kitu kimoja ambacho nyinyi watu wa pwani mnakipuuza ni urefu wa mahali. Unatoka usawa wa bahari unaenda karibu mita 1,900, siku ya kwanza ngazi tu zitakukatisha pumzi na utadhani ni uzito, si uzito, ni hewa. Lala Naivasha usiku mmoja kwanza. Na uje na sweta, Julai usiku kule kuna baridi ambayo Mombasa haijawahi kuiona, halafu mchana jua linachoma kwa sababu hakuna mti barabarani, kilomita nzima hakuna kivuli. Maji lita 3, uyabebe mwenyewe usimpe mtu akubebee. Kwenda korongoni utaona ni rahisi mno, njia inateremka kidogo kidogo bila wewe kujua, ila kurudi ndo inakudai, na kurudi ni saa ya jua. Ukichoka shuka usukume. Kusukuma baiskeli pale katikati, nyasi zimekauka rangi ya simba pande zote mbili na pundamilia wanakula hata hawakuangalii, ni safari pia, tena unasikia vitu ambavyo anayekimbia hasikii. Zile nyasi zina sauti. Leleshwa ukipita karibu inanuka kama kafuri, Wamasai wanayatumia majani yake kwapani kama manukato, chuma jani moja ulisugue mkononi.

*

Tunaenda wikendi ya Pasaka, tumeambiwa korongo liko poa sana mvua ikinyesha kwa sababu ya maporomoko. Tushuke? — Kikundi cha vijana, Thika

Msishuke. Mvua ikinyesha, au ikiwa imenyesha jana, au mkiona tu mawingu meusi kule juu upande wowote, msishuke. Aprili 2012 vijana 7 wa kikundi cha kanisa walikufa mle ndani. Septemba 2019 maji yaliwachukua watu 7 tena, mmoja wao akiwa mwongozaji wao, mtu anayelijua korongo. Wengi wanafikiri mafuriko yanaonekana yakija. Hayaonekani. Kuta ni ndefu na njia ni nyembamba, mahali pengine unagusa pande zote mbili kwa mikono, mvua inanyesha kilomita nyingi juu huko wewe ukiwa kwenye jua, maji yanakusanyika yanaingia pale yote kwa pamoja, na mahali pa kupandia hakuna. Mliona wenyewe Mai Mahiu Aprili 2024 maji yalivyofanya usiku ule.

Pandeni baiskeli, zungukeni Fischer's Tower, ule mnara wa mawe, na korongo mliangalie mkiwa juu ukingoni tu. Askari wa mbuga wakisema limefungwa hakuna kubembeleza, na asiwepo mtu wa kuwapitisha kwa njia nyingine kwa mia tano. Kama ni kiangazi na limefunguliwa, chukueni mwongozaji wa pale pale, vijana wa Kimasai wa hiyo sehemu, mlipeni vizuri.

*

Mambo vipi kaka, sisi tuko Arusha tunataka kuja watu wanne na baiskeli zetu. Je, mlangoni tunalipa shilingi za Kenya taslimu au vipi? — Waendesha baiskeli, Arusha

Karibuni sana. Pesa taslimu hawapokei, mnalipa kwa mtandao kupitia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kabla hamjafika, au mumpate mwenyeji wa huku awalipie kwa simu. Mje na pasipoti au kitambulisho mkononi, si picha kwenye simu, kwa sababu ada inategemea wewe ni raia wa wapi. Baiskeli nayo ina ada yake ndogo. Lango linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni muwe mmeshatoka, kwa hivyo msipange kuingia saa tisa mkasema tutawahi. Na kwetu pia tunaendesha kushoto kama kwenu, hapo hamna tabu.

*

Mhariri, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka 68, naishi Gilgil na kila siku naenda sokoni kwa baiskeli yangu ya Black Mamba. Nilikuwa kibarua kwenye kuchimba visima vya mvuke kule Olkaria, nilikuwepo mashine ya kwanza ilipoanza kutoa stima 1981, na mbuga ilipotangazwa baadaye tulikuwa tumeshazoeana na wale twiga. Sijarudi tangu 1986. Mjukuu wangu wa kike ana miaka 12, anaendesha vizuri, nataka nimwonyeshe mahali nilipofanya kazi na kisima kimoja ambacho nilikaa nacho miezi mitano. Presha ninayo kidogo lakini daktari amesema mazoezi ni sawa. Je, si ujinga wa uzee? — Mzee wa Gilgil

Mzee wangu, nimeisoma barua yako mara tatu. Nenda.

Olkaria uliyoiacha hutaitambua. Wakati wenu ilikuwa ile stesheni moja, mashine tatu za megawati 15 kila moja mpaka zilipokamilika 1985, ya kwanza ya aina yake Kenya, na visima vyake mlivichimba nyinyi. Sasa kuna stesheni kadhaa, mabomba yanapanda na kushuka milima yote ile, mahali pengine yameinuliwa juu sana ili twiga wapite chini, na barabara nyingi za upande huo ni lami. Ni lami nzuri, vijana wa baiskeli za mbio wanaitafuta, lakini ina vilima vikali na ina malori na mabasi ya wafanyakazi, na Black Mamba ni chuma, haina gia. Kwa presha yako hivyo vilima sivitaki.

Ningefanya hivi. Ingieni lango la Elsa saa kumi na mbili na nusu, kabla ya jua kali, tairi za Black Mamba ni pana kiasi zitakubali ile murramu, mtoto mkodie yenye gia ndogo inayomfikia miguu. Endesheni polepole mpaka Fischer's Tower, si mbali. Hapo mpumzike. Ule mnara wa mawe una urefu wa mita 25 hivi, jina limetoka kwa Mjerumani aliyepita huku 1883, lakini wewe mwenyewe unaijua ile hadithi ya Wamasai ya msichana aliyekuwa anaenda kuolewa akageuka kuangalia kwao akawa jiwe, msimulie wewe, asiisome kwenye kibao. Na amwangalie pimbi, wako pale kwenye mapengo ya mawe wamelala kwenye jua kama mikate, wakimwona ametulia watashuka mpaka miguuni. Asiwape chakula.

Kutoka hapo mpaka Olkaria mwende na gari, ongea na mtu mwenye pikapu kabla ya siku hiyo awafuate, baiskeli ziwekwe nyuma. Dawa yako ya presha uinywe asubuhi kama kawaida usiiruke kwa sababu ya safari, na kichwa kikianza kuuma au kifua kubana, unasimama, humalizii kilima. Stesheni zenyewe mtu haingii bila ruhusa ya kampuni, lakini visima vingi vinaonekana ukiwa barabarani, unausikia ule mngurumo kabla hujauona moshi wake, na ile harufu ya yai lililooza naona hujaisahau. Uliza walinzi kwa namba ya kisima kama unaikumbuka, hizo namba hazijabadilishwa ovyo, wanaweza kukuelekeza.

Halafu niandikie uniambie kama bado kinatoa mvuke.